Chupi ya kuogelea: ikikukaa raha dukani, umenunua kubwa

Mwaka wangu wa kwanza kushindana nilinunua chupi ya mtumba Kongowea. Niliijaribu juu ya bukta pale pale kibandani, nikaona raha, haibani popote. Siku ya mashindano nikaruka, maji yakajaa kiunoni kama ndoo kisimani, kuibuka chupi iko magotini. Mita 50 nilizimaliza kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na kazi nyingine.

Basi sikia, ndugu yangu: kitambaa hiki kikilowa hulegea. Kinunue kikiwa kinakubana. Vaa, legeza kamba kabisa, chuchumaa mara tatu, kisha inama kama unayesubiri filimbi. Ikibaki mahali pake, lipa. Ikikuachia michirizi myekundu mapajani, panda saizi moja. Kamba si ya kuokoa chupi kubwa; hata hivyo ifunge vitanzi, kisha vifunge tena, uisokomeze ndani.

Ya mtumba ivute uitazame juani. Ukiona vinyuzi vyeupe vinachungulia, lastiki imekufa, usiichukue hata ukipewa bure. Klorini ndiyo inayoila, hasa yenye spandeksi nyingi, zile nyuzi zinazovutika. Ya mazoezi ya kila siku tafuta ya poliesta. Haina mvuto sana ila inadumu.

Sasa suala la stara, maana tuko Mombasa. Bibi yangu aliiona yangu kwenye kamba ya nguo akauliza hiyo ni ya mtoto gani. Mimi hujifunga kikoi mpaka ukingoni mwa bwawa, nikitoka majini najifunga tena, na ufukweni Pirates siivai bila bukta juu. Ukiona bado ni fupi mno, ziko zinazoshuka hadi juu ya goti, na mashindanoni zinakubalika: tangu 2010 kanuni za kimataifa zinamruhusu mwanamume vazi lisilopita kitovu kwa juu wala goti kwa chini. Mipaka ile ile ya stara ya mwanamume kwetu Waislamu. Nilipomwambia ustadhi wetu alicheka, akaniuliza hao wazungu wamesoma chuo gani.

Mimi nimebaki na fupi kwa sababu naogelea kichura, napenda mapaja yawe huru.

Ukitoka majini, isuuze kwa maji baridi ya bomba, uianike kivulini, siyo juu ya bati. Na usiikalie kwenye saruji ya ukingoni. Yangu ya pili ilitoboka matakoni hivyo hivyo, na aliyeniambia ni mtoto wa miaka sita.