Usimsimamishe atoe ushuhuda

Kikundi chetu cha vikoba hapa Dodoma hukutana kila Jumamosi sebuleni kwa mwenyekiti. Siku moja mfuniko wa sanduku la chuma ulimponyoka mtunza funguo, ukagonga kwa kishindo. Mama mdogo, ambaye siku zote huchagua kiti cha karibu na mlango, aliinuka akatoka mbio mpaka barabarani. Kandambili zake zilibaki chini ya benchi. Watu walicheka. Mmoja akasema ana mapepo, apelekwe akaombewe.

Mama mdogo alikuwemo kwenye treni ya abiria iliyopata ajali Igandu, tarehe 24 Juni 2002. Treni ilirudi nyuma kwenye mteremko, breki zikashindwa kuishika, ikagongana na treni ya mizigo. Walifariki watu 281. Yeye alitoka amevunjika mkono, mkono ukaunga, nasi tukahesabu kwamba amepona.

Kile kicheko kiliniuma. Nikaamua kuwaelimisha watu kuhusu kiwewe, yaani jeraha linalobaki moyoni na mwilini baada ya tukio la kutisha. Nikaomba ukumbi, nikaalika majirani, nikamwomba mama mdogo asimulie. Hakukataa, maana ananipenda. Alipofika kwenye sauti za watu waliobanwa, midomo ilianza kumtetemeka, na mimi, kwa kutaka watu waelewe, nikamwambia, "Endelea tu mama." Hakulala siku nne.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na ningeweza kuishia hapo: usimsimamishe mtu aliyeumia atoe ushuhuda ili wengine wajifunze. Tumezoea ushuhuda kanisani, tunadhani kusema ni kupona. Kwa wengine ni kweli, ila wakati wauchague wao, na msikilizaji wamchague wao. Jamii inaweza kufundishwa bila kidonda cha mtu kufunuliwa hadharani.

Siku hizi siiti mikutano. Naenda pale watu walipokwisha kukaa: foleni ya kliniki ya watoto, kijiwe cha bodaboda, vikoba. Naeleza kwa ufupi kwamba mwili hukumbuka hatari hata akili inapojua hatari imepita. Sauti, harufu au mlango uliofungwa hutosha. Moyo unaenda mbio, jasho linatoka, miguu inakimbia kabla mtu hajafikiri. Hiyo si jeuri, si kuringa, wala si mapepo. Bodaboda hunielewa upesi kuliko wote, kwa kuwa wao ndio hufika kwanza ajali inapotokea, na wengi wana usiku wao ambao hawajamwambia mtu.

Kisha nawapa mambo ya kufanya. Mwambie mtu unachotaka kufanya kabla hujamgusa, hasa ukiwa muuguzi au mkunga. Mwache akae anapotaka. Usimhoji mbele za watu. Mtoto aliyebadilika ghafla, anayejikojolea tena au anayeogopa mtu fulani, usianze na fimbo. Kuna namba 116 ya kusaidia watoto, na dawati la jinsia na watoto polisi.

Kuna jambo gumu zaidi kwetu wana Dodoma. Jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa kwetu, tumeligeuza tusi, hivyo mtu asiyelala miezi mitatu anaona heri afe na siri yake kuliko kuonekana getini pale. Hapo nasema wazi: ile ni hospitali, na anayekwenda kutibiwa hana aibu yoyote. Mama mdogo nilimwomba msamaha kwanza, ndipo tukaenda wote kumwona mshauri. Tulikwenda mara nyingi, na bado hapandi treni.

Kwenye vikoba hakuna aliyetangaza sheria mpya. Ila Jumamosi iliyopita mtunza funguo, kabla ya kugusa kufuli, alitazama upande wa mlango akasema, "Mama, nafungua sanduku." Mama mdogo akaitikia, "Haya mwanangu, fungua."