Mfumo endeshi humkagua nani: mtu au programu?

Mwenzetu ameuliza inawezekanaje, katika mfumo endeshi wa Linux, mtumiaji wa kawaida asiyeruhusiwa hata kulisoma faili la /etc/shadow abadilishe nywila yake iliyohifadhiwa humo humo. Mfumo endeshi haumjui mtu aliyeketi mbele ya kibodi. Mtendaji ambaye mfumo humkagua ni mchakato, yaani programu iliyokwisha kuanza kufanya kazi, na kila mchakato hubeba namba ya mtumiaji ambaye unatenda kwa niaba yake. Programu ya passwd, inayotumiwa kubadilisha nywila, ina alama ya setuid, ambayo kwayo mchakato wake hukumbuka namba ya aliyeuanzisha lakini hukaguliwa kwa namba 0 ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo mwenye ruhusa zote, ambaye ndiye mmiliki wa programu hiyo. Kisha ni passwd yenyewe inayohakikisha kwamba mtu habadilishi nywila ya mwingine.

Upande wa vitu vinavyolindwa ndio unaowachanganya watu zaidi. Katika saiba ninayoitunza hapa Kisumu, mhudumu wa asubuhi alilalamika kwamba mwenzake wa jioni amefuta faili la mteja, ilhali yeye alikuwa ameliwekea ruhusa ya kuandikwa na mmiliki peke yake. Hapakuwa na udukuzi wowote. Kufuta faili ni kuondoa jina lake katika saraka (folda) lilimo, kwa hiyo kitu kilichokaguliwa ni saraka, nayo ilikuwa ya pamoja, kila mhudumu akiwa na ruhusa ya kuandika ndani yake. Niliitengeneza kwa amri ya chmod +t, na tangu hapo faili hufutwa na mwenye faili, mwenye saraka au root tu, kama ilivyo katika /tmp, saraka ya pamoja ya faili za muda.

Faili na saraka, hata hivyo, si vitu pekee; printa, diski na sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja vimo pia. Hata mchakato, ambao ni mtendaji unapofungua faili, hugeuka kuwa kitu mchakato mwingine unapotaka kuusimamisha.

Jambo la mwisho, ambalo sioni likielezwa vya kutosha: ruhusa za faili hukaguliwa wakati wa kulifungua, si kila linaposomwa. Ukibadilisha ruhusa leo ilhali kuna mchakato ulioshikilia faili hilo tangu jana, mchakato huo utaendelea kulisoma mpaka ulifunge au wewe uusimamishe.