Nilikuwa nahesabu sahani

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mwanangu,

Wangaluka. Huku sote wazima. Goti la bibi yako limetulia, anakusalimu na anauliza lini. Wiki hii mbalamwezi ni kali, mitumbwi ya dagaa haitoki usiku, kwa hiyo hapa soko la samaki la Mwaloni biashara imelala nami nimepata nafasi ya kukuandikia. Simu sikuitaka. Kwenye simu unanikatiza.

Umesema kanisa lenu huko Dodoma linaandaa safari ya misheni, kambi ya michezo ya vijana Ukerewe, siku 10 za likizo ya Juni, na wewe umeombwa ujitolee kufundisha netiboli. Mwenzako wa ofisini akakucheka: mpira ni chambo tu, mnakwenda kuvua watoto wa watu. Sasa unaniuliza kama ni kweli, na kama ni kweli, uende au usiende.

Mara nyingi ni kweli. Nimeshuhudia.

Ulikuwa darasa la tano. Nilikuacha kwa bibi wiki nzima nikaenda kupika kwenye kambi ya namna hiyo hiyo, kando ya ziwa. Ulidhani nilikwenda msibani. Wageni walikuja na mabegi ya fulana mpya za bluu, mgongoni zimeandikwa jina la kanisa lao. Kila jioni mechi ikiisha, watoto wanakalishwa kwenye nyasi, linatolewa neno, halafu anayetaka kumpokea Yesu anyooshe mkono, apite mbele, aongozwe sala ya toba. Akimaliza sala, anapewa fulana. Siku ya kwanza walipita wengi, akina mama tukapiga vigelegele jikoni. Siku ya pili wakapita wengi zaidi. Siku ya tatu nikamwona golikipa mmoja, mtoto mwembamba, magoti yote yamechubuka, anapita kwa mara ya tatu na uso ameukunja kama mtu aliyefiwa. Alipokuja kupanga foleni ya ugali nikamwuliza, "Wewe, umeokoka mara ngapi?" Akanijibu bila hata kupepesa: "Mama, ya kwanza yangu. Ya pili ya mdogo wangu. Hii ya baba, ya kuendea ziwani."

Nilicheka hadi mwiko ukaniponyoka. Ila siku ya kufunga, mkuu wa wageni aliposimama kusoma taarifa, waliookoka walikuwa wengi kuliko sahani nilizokuwa napakua kila siku. Wengine wanaweza kudanganyana, mpishi anajua alipika kilo ngapi. Nikanyamaza. Nilijiambia mimi ni mtu wa masufuria tu, taarifa si kazi yangu. Mpaka leo kunyamaza kule kunanikera.

Yule mtoto simlaumu. Alifanya ninachofanya mimi hapa sokoni: aliona mteja anataka nini, akampa, akalipwa. Aliyekosea ni yule aliyeifunga fulana kwenye sala.

Halafu huyo mwenzako si mtu wa ziwa. Sangara ndiye anayevuliwa kwa ndoana, anachomekewa kambale mdogo. Dagaa anafuata taa. Najua mchungaji wenu akilisikia hili ataondoka nalo hadi madhabahuni, nuru na giza na kadhalika. Usimpe. Dagaa aliyefuata taa naye huishia kwenye chanja.

Kwa hiyo nenda, lakini useme masharti yako sasa, kabla nauli haijalipwa. Wazazi waambiwe tangu siku ya kuandikisha kwamba jioni kuna neno na maombi, wasije wakalisikia kwa jirani. Ukerewe Wakatoliki wamejaa, Waislamu wapo, na mzazi ana haki ya kusema mwanangu acheze kisha arudi nyumbani. Chakula kiliwe kabla ya neno. Vifaa vya michezo wapewe wote siku ya kwanza, kwa orodha, aliyenyoosha mkono na asiyenyoosha. Viongozi wakikataa hayo matatu, basi yule mwenzako amekushinda, na siku zako za likizo njoo uzimalizie kwangu.

Babu yako, enzi zake za uinjilisti, alikuwa akitusimulia habari za wamisionari wawili waliotoka Uingereza, Smith na O'Neill, waliouawa huko huko Ukerewe Desemba 1877. Mfanyabiashara mmoja aligombana na mtemi Lukonge, akakimbilia kwao, na ugomvi ukawakuta humo ndani. Sisemi mtapatwa na hayo, ninyi mtapokewa kwa samaki. Lakini mkishuka Nansio msikimbilie uwanjani na spika. Piteni kwa mwenyekiti wa kijiji, piteni kwa mwalimu mkuu, mkae, mnywe chai, mjue nani hasemeshani na nani. Utashangaa timu mbili zinavyoweza kukataa kucheza kwa sababu ya nyavu zilizoibwa miaka mingi nyuma.

Kuhusu netiboli yenyewe. Siku 10 hazimtoshi mtoto kuijua. Zinamtosha mwalimu. Mtafute mwalimu wa michezo wa shule ya pale, awe mwanamke ikiwezekana, ushinde naye: kupanga wale saba, nani anaruhusiwa kuingia eneo gani, namna ya kupiga filimbi bila kugeuka adui wa kijiji. Wewe ukishaondoka, yeye ndiye atakayewapeleka wasichana wale UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Ringi achomelee fundi wa palepale, nguzo ni miti tu. Mipira mkabidhi mwalimu mkuu kwa maandishi. Na pampu! Kambi yetu iliacha mipira kumi na mbili na pampu moja. Sindano ya pampu ikakatika kabla ya mwezi kwisha, hakuna aliyejua pa kupata nyingine, na niliporudi kule mwaka uliofuata watoto walikuwa wanacheza chandimu kwa mpira wa makaratasi, mipira ya wageni imelala stoo, bapa kama chapati.

Jingine ni maji. Mechi ikiisha watoto watakimbilia ziwani kuoga, na ninyi wa Dodoma mtawafuata kwa sababu maji yanaita. Usiingie. Kichocho kiko kwenye maji ya ufukweni, kwenye majani yenye konokono, na kinapenya ngozi bila hata kidonda. Oga maji ya bomba au ya kisima, au ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa siku mbili. Ukirudi, baada ya wiki sita hivi, nenda kapime. Usisubiri mpaka uone damu chooni.

Usikae peke yako chumbani na mtoto wa mtu, hata akilia. Na picha zao usizirushe mtandaoni. Haya unayajua.

Sasa kuna neno moja kwenye ujumbe wako limenichoma. Umeandika unataka "kubadilisha maisha yao". Kwa siku 10? Mimi nimekulea miaka 26 na mpaka leo unaacha taulo lenye maji kitandani. Nenda ukawafundishe netiboli na usali nao kama unavyosali. Wakikuuliza habari za Yesu, wajibu. Wasipouliza, pasi ya kifuani nayo inahitaji kufundishwa vizuri.

Likizo yako ni siku 28. Kumi uwape wao, chache zibaki za bibi yako, maana anazihesabu. Mkifika Mwanza mtalala hapa kabla ya kupanda meli, ninyi wanawake mtaenea chumba cha nje, wanaume watafute kwao. Mwezi utakuwa umefifia wakati huo na dagaa watakuwepo, nitawafungia debe moja la kambi, waliokauka vizuri, siyo wa mchanga. Sindano za pampu nunua nne huko huko Dodoma.

Na kila jioni nenda jikoni, kabla taarifa haijaandikwa, uhesabu sahani. Nitumie idadi.

Mama yako