Jibu: Dhahabu ya Waskithi iko wapi Hermitage?
Salamu ndugu. Umesema umezunguka jumba la makumbusho la Hermitage, St. Petersburg, Urusi, siku nzima na dhahabu ya Waskithi, wale wafugaji wa kale wa nyika waliohamahama kwa farasi, hukuiona. Kwanza angalia tiketi yako: ile ya kawaida haikuingizi Chumba cha Dhahabu, ambamo dhahabu hiyo imewekwa. Kule unakata nyingine, na mnaingia kikundi na mwongozaji kwa saa mliyopangiwa. Mimi nililazimika kurudi kesho yake.

Ila usiondoke bila kushuka ghorofa ya chini kuona vitu vya Pazyryk, kutoka makaburi ya kale ya wafugaji wa milima ya Altai, kusini mwa Siberia. Kuna zulia lililofukuliwa 1949, lina zaidi ya miaka 2,000. Barafu ndiyo iliyolihifadhi. Sogea karibu na kioo: wapanda farasi, kulungu wenye pembe pana, na wekundu ungali unaonekana. Nilisimama pale hadi miguu ikauma.