Kinundu kwenye titi: hakuna kidole kinachojua

Mdogo wangu uliyeuliza: una miaka 27, uko Buhongwa, juzi ukioga umegusa kitu kama punje ya harage kwenye titi la kushoto. Hakiumi. Mama anasema ukande kwa maji ya moto, shoga yako keshakutumia namba ya muuza poda ya dawa. Unauliza usubiri au uende.

Nenda. Ila kwenda nako kuna namna yake, na mimi niliikosea.

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapahapa Mwanza. Changu nilikigusa nikiwa na miaka 43, alfajiri, natoa hela kwenye sidiria nimlipe mbeba mzigo. (Pale sokoni kila mama benki yake ni sidiria, na mama yangu mzazi mpaka leo anaamini zile noti ndizo zilizoniletea. Si kweli, noti hazileti kansa.) Kilikuwa kigumu, hakitelezi, nikikibonyeza hakiumi. Kwa kuwa hakiumi nikajua si kitu. Sisi tumezoea kwamba ugonjwa ni kinachouma, kumbe kansa ya titi mara nyingi inaanza kimya kabisa, na yale maumivu ya matiti siku za kukaribia hedhi kwa kawaida ni homoni tu.

Nikaenda kituo kimoja jirani, sitakitaja. Mhudumu akapapasa juu ya blauzi, nasema juu ya blauzi, akasema ni jipu la maziwa linaanza. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa darasa la nne! Nikapewa antibayotiki za siku saba. Zikaisha, kinundu kipo. Nikarudi, nikapewa nyingine kali zaidi. Miezi minne ikaenda hivyo huku najiambia natibiwa. Anayenyonyesha anaweza kupata jipu kweli, na huwa linawaka moto, linauma, homa juu. Lakini hata huyo, dozi ikiisha na uvimbe upo, apelekwe akapigwe picha, si kuongezewa vidonge.

Nikikwambia hakuna kidole kinachojua, simaanishi changu na cha mama yako tu, hata cha daktari bingwa. Daktari anayeijua kazi yake anapapasa matiti yote mawili na makwapa, anakupeleka kwenye picha, halafu pakiwa na shaka yoyote anachukua kinyama kikaangaliwe kwa hadubini. Kwa umri wako wataanza na ultrasaundi, kwa sababu titi la msichana limeshiba na mamogramu, yaani eksirei ya titi, haioni vizuri ndani yake. Mamogramu ni yetu sisi wa 40 kwenda juu, na mara nyingi ultrasaundi inafuatia. Aliyepapaswa tu akarudishwa nyumbani na vidonge, hajapimwa.

Kwenye ripoti ya picha usiogope kama nilivyoogopa mimi. Wao wanachora titi kama uso wa saa ili waseme uvimbe uko wapi. Yangu iliandikwa titi la kushoto, saa 2. Nikaitazama saa ya ukutani na akili yangu ya Kiswahili: saa mbili mshale uko kwenye 8, yaani chini, upande wa ndani. Kinundu changu kiko juu kuelekea kwapani! Nikarudi mbio kwa yule binti wa ultrasaundi kumwambia amepima kitu kingine. Akacheka mpaka akashika meza. Ni 2 ileile iliyoandikwa kwenye saa, mama.

Kuchukuliwa kinyama ndiko kila mtu anakoogopa, basi nikueleze. Unalala chali mkono umeinuliwa, unapigwa ganzi, hiyo ndiyo inayouma, kama kung'atwa na siafu. Halafu sindano nene yenye springi: unasikia tu "ta!" kama mashine ya kubana karatasi. Ikarudiwa mara nne. Vipande vyenyewe vilikuwa vyembamba, vyeupe, kama tambi zilizokatika, vikaelea kwenye kichupa cha dawa. Na kile kichupa nikakabidhiwa mwenyewe nikipeleke maabara nyingine. Nikapanda daladala nimekipakata kwenye mkoba, konda ananiambia mama sogea, mama sogea, na mimi nawaza hapa ndani nimebeba hukumu yangu. Kwa hiyo uliza mapema: nani anapeleka, majibu yanatoka lini, nayafuata dirisha gani. Mimi niliambiwa nitapigiwa. Nilipochoka kusubiri nikaenda, nikakuta yametoka wiki mbili nyuma, yamelala kwenye droo. Ukiyapata yapige picha kwa simu kabla hujamwachia mtu yeyote.

Utaambiwa sindano au kisu kinachokoza kansa isambae. Shangazi yangu alitoka Magu na mfano mkononi: jirani yake alikatwa titi, akafa. Nikamuuliza lilikuwaje siku anakwenda. Lilikuwa limeshatoa kidonda, linanuka. Sasa hapo aliyeua ni kisu?

Yangu ilikuwa kansa, hatua ya pili. Nilitibiwa hospitali ya Bugando: upasuaji, dripu za dawa, nywele zikaenda zikarudi na kipilipili kipya, kisha mionzi. Zamani mtu wa huku mionzi aliifuata hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, siku hizi Bugando, kule kilimani, wanayo. Kile kinyama walikipima pia kama kansa inalishwa na homoni, na kwa kuwa yangu ndiyo, nameza tamoksifeni, kidonge cha kuizuia homoni hiyo, kila usiku taarifa ya habari ikianza. Yeyote anayesoma hapa na majibu yake ni kansa, aulizie kipimo hicho, maana dawa inachaguliwa kwa hicho. Tezi za kwapani zilitolewa, hivyo mkono huo haubebi gunia tena. Naajiri kijana.

Mdogo wangu wa damu, miaka 29, aliposikia habari zangu akajipapasa naye akakuta chake. Tulilia usiku kucha bila sababu. Chake kilikuwa kinateleza chini ya kidole kama goroli. Akapita njia ileile, ultrasaundi na sindano, majibu yakaja: faibroadenoma. Si kansa. Hawakukitoa, walimrudisha baada ya miezi sita kukipima kama kinakua, hakikukua, na amenyonyesha mtoto nacho kikiwemo. Kwa wasichana wa umri wako vinundu vingi ni vya namna hiyo. Lakini hilo alilijua kwa karatasi, si kwa goroli.

Kama ulikigusa siku chache kabla ya hedhi, unaweza kusubiri imalizike, ujipapase tena siku ya tatu au ya nne baada ya damu kukata. Kipo? Safari. Usisubiri hata hiyo hedhi kama ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani na haikuwa hivyo, inatoa damu, au kuna kingine kwapani. Au kama mama, dada au shangazi amewahi kuugua kansa hii. Na kaka unayesema haya ni ya wanawake, nawe una titi. Kwenu ni nadra, ila ipo.

Njia ya Mwanza: anza kituo cha afya ulichozoea, lakini usitoke na vidonge peke yake, toka na barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Mwenye bima barua hiyo ni ya lazima kwake, bila hiyo atazungushwa. Asiye na bima wala hela aulizie ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali kabla bili haijapanda. Anayetoka Ukerewe au visiwa vingine ajipange kulala mjini, vipimo haviishi siku moja.

Poda usinunue. Ukande wa mama nao hautibu kinundu, ila usigombane naye, nenda naye hospitali, masikio manne yanasikia zaidi. Jumatatu uwe kwenye foleni kabla ya saa moja, na uvae blauzi ya vifungo na sketi. Mimi nilienda na gauni, nikapimwa titi nikiwa sina nguo mpaka magotini.