Ukiangalia Muvi za Sayansi na Wadogo Zako, Uliza Nani Anachagua

Kama nyumbani una wadogo zako wanapenda muvi za maroboti na mambo ya miaka ijayo usiwanyang'anye rimoti, kaa nao uulize kitu kimoja tu, hapa nani kanyimwa kuchagua na kaahidiwa nini badala yake. Hilo swali nimelipata kwa jirani yetu hapa Nkuhungu, yeye Mmormoni, yaani wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mi Mwanglikana kama wengi hapa Dodoma, ila kwenye hili wenzetu wamefikiri sana aisee.

Wanaamini kabla ya dunia kuumbwa kulikuwa na baraza mbinguni, Shetani akajitokeza akasema atawaokoa watu wote asipotee hata mmoja, ila heshima apewe yeye. Ukisikia haraka haraka unaona mbona mpango mzuri tu, kumbe ili asipotee mtu lazima uwafungie wote njia ya kukosea, na kitabu chao cha Musa sura ya 4 kinasema alitaka kuuharibu uhuru wa mwanadamu wa kuchagua, ndo akatupwa chini.

Sasa cheki The Matrix ya 1999. Morpheus, kiongozi wa waasi, kafungwa kwenye kiti, Agent Smith, askari wa mashine, anamwambia Matrix ya kwanza, yaani dunia ya kompyuta ambayo mashine zimewafungia watu, ilitengenezwa isiwe na mateso kabisa, kila mtu awe na raha, na ikafeli, watu hawakuikubali. Simamisha hapo! Kwenye 2 Nefi sura ya 2, ndani ya Kitabu chao cha Mormoni, nabii Lehi anamwambia mwanae Yakobo kitu kinachoendana na hicho, kwamba lazima kuwe na upinzani kwenye kila kitu, la sivyo hata wema haupo.

Minority Report ya 2002 nayo, polisi wanakamata watu kabla hawajaua kwa sababu kuna watabiri wanaoona mauaji mapema, sasa Tom Cruise mwenyewe katabiriwa ataua, kashika bastola, saa inahesabu, Agatha, mmoja wa hao watabiri, anamwambia bado unaweza kuchagua, na hafyatui. Jirani anasema Mungu kujua utakachofanya siyo kukulazimisha ufanye.

Ila usilazimishe vifanane kila kitu, kwenye Matrix watu wanapigana na mashine zilizowatawala, kwa Wamormoni anayekupa huo uhuru ni Mungu mwenyewe. Na usihubiri, simamisha mara moja tu mtoto aongee.

Mdogo wangu alipomaliza form six baba alishamchagulia kozi, anasema nataka usikosee. Nikamkumbusha mzee ile ya asipotee hata mmoja, akanyamaza, tukamwekea dogo kozi zote mezani na ada zake, akachukua ualimu. Baba mpaka leo haipendi hiyo kozi, ila ada analipa.