Anayeletwa huenda siye wa kuanza naye

Jarida limeuliza wiki hii: mnasihi amsaidieje kila mtoto, kijana na familia kwa namna inayomfaa, bila kubahatisha? Ninafanya kazi hiyo. Kwangu mimi, jambo zito kuliko yote huamuliwa kabla ya ushauri wenyewe: nizungumze na nani kwanza, na nani asiwepo.

Chukulia mtoto wa miaka 9 asiyetaka kwenda shule. Asubuhi tumbo linamuuma. Akiruhusiwa kubaki nyumbani, saa nne limeshapona. Huenda anaogopa kumwacha mama, kwa kuwa mama anaumwa au nyumbani kuna ugomvi, na yeye amejipa kazi ya ulinzi. Huenda anaonewa msalani wakati wa mapumziko. Au hajui kusoma vizuri na amechoka kuchekwa kila anaposimamishwa mbele ya wenzake. Kumrudisha mtoto darasani hatua kwa hatua ni njia nzuri dhidi ya hofu, lakini yule anayeonewa utakuwa umempeleka mikononi mwa watesi wake. Huyo niende kwanza kwa walimu. Asiyejua kusoma apimwe usomaji, pamoja na macho na masikio. Na mlinzi wa mama? Mara nyingi nitakaa na mama kuliko nitakavyokaa naye.

Utamjuaje ni yupi? Ukimkalisha na kumuuliza “kwa nini?”, atakujibu “sijui”, na mara nyingi hakudanganyi. Virginia Axline, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeendeleza tiba ya michezo (mtoto hujieleza kwa kucheza badala ya kuhojiwa) katika miaka ya 1940, alisisitiza kwamba mtoto ndiye atangulie, mtu mzima afuate bila kumharakisha. Basi weka wanasesere, udongo na karatasi, kisha tazama nani anafungiwa nje ya nyumba ya wanasesere, tena mara ngapi. (Mchoro mmoja mweusi si ushahidi wa lolote. Pengine kalamu nyingine zilikuwa zimeisha wino.)

Kijana wa miaka 15 ukimpa wanasesere atajiona amedharauliwa. Yeye ana swali moja, hata asipolitamka: utamwambia mama? Lijibiwe siku ya kwanza, mzazi akiwa anasikia: ya humu yatabaki humu, isipokuwa uhai wake au wa mwingine ukiwa hatarini, au pakiwa na unyanyasaji ambao lazima utolewe taarifa. Wazazi wengine hukunja uso hapo. Nawaelewa, maana wana hofu na wangependa kujua kila kitu. Lakini mnasihi anayewapelekea habari kila wiki atabaki na kijana anayezungumzia mpira tu. Na kwa kuwa kijana huyo aghalabu hakuja kwa hiari, sianzi na malalamiko ya wazazi. Namuuliza yeye angependa nini kibadilike. Wengine husema, “Waache kunileta huku.” Sawa, hapo tuna lengo, na tunaweza kujadili nini kifanyike ili waridhike.

Familia nzima inapoketi pamoja, maneno ni nusu tu ya habari. Salvador Minuchin, daktari wa akili aliyezaliwa Argentina mwaka 1921, aliangalia mipaka ndani ya nyumba: nani anamsemea nani, nani kaungana na nani dhidi ya nani, mtoto gani amekabidhiwa majukumu ya mzazi. Nikimuuliza binti akajibu baba, nimeshaoneshwa pa kuanzia. Ila nikihisi kuna kipigo nyumbani, siwaketishi pamoja kabisa. Aliyesema kweli mbele yangu anaweza kuilipia wakifika nyumbani.

Kuhusu kubahatisha: kinga yake ni kuuliza tena na tena. Mwisho wa kikao nauliza kama tumegusa lililomleta mtu, na kwa kipimo cha 0 hadi 10 hali yake ikoje. Mtoto akisema 4, simuulizi mbona si 10. Namuuliza kwa nini si 2, naye huanza kunitajia vitu vinavyomsaidia ambavyo hakuna aliyevihesabu: bibi anayempigia simu, rafiki anayemsubiri getini. Namba isiposogea kwa vikao kadhaa, nabadili njia au namkabidhi kwa mwenzangu au kwa daktari, na familia naieleza sababu.